Bustani ya Msimbazi na wenyewe wa bondeni

Michoro ya bustani za mtoni inafanana dunia nzima. Maji ya buluu, nyasi zimekatwa vizuri, mtoto ameshika puto, na watu wazima wanatembea taratibu kana kwamba hakuna anayewasubiri kazini. Sijawahi kuona mchoro wenye muuza mihogo ya kukaanga, wala vijana waliokaa juu ya matofali wakingoja zamu yao ya kuingia uwanjani, wala mama aliyeinama anang'oa mchicha. Ndiyo maana kila ninaposoma habari za bustani kubwa inayopangwa kwenye Bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, mawazo yangu hayaendi kwenye miti na taa. Yanaenda kwa hao wasiochorwa. Siku bustani itakapofunguliwa, watakuwa wenyeji au wageni wa kukata tiketi?

Nimekulia Kigogo, kwa hiyo sina sababu ya kujifanya sina upande. Tulipokuwa wadogo mto ulikuwa uwanja wetu, dampo letu na hofu yetu, kutegemea mwezi. Januari unavuka kwa kukunja suruali. Aprili baba anapandisha magodoro juu ya kabati bila kusema neno, na sisi tunajua.

Mtu wa nje anaujua Msimbazi kwa mafuriko, kwa harufu, na kwa mtaa uliobeba jina lake kule Kariakoo, yalipo makao makuu ya Simba. Mto wenyewe unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Unateremka kupitia Kinyerezi na Tabata, unapita Vingunguti pembeni ya machinjio, unaingia Buguruni na Kigogo, unapokea maji ya mito mingine ya mjini kama Luhanga, Ubungo na Sinza, halafu unatanuka Jangwani kama mtu aliyefika nyumbani. Kutoka hapo unapita Hananasifu na Upanga, unaingia kwenye mikoko, na kumwaga baharini pale Salenda. Ukisimama pale juu ya daraja wakati wa masika utaona mstari wazi kabisa baharini, huku kahawia na huku kijani. Ile kahawia ni udongo wa Kisarawe.

Sasa ufuate mto huohuo kwa historia. Kule juu Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha, shule ya Mtakatifu Francis, TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Machi 1955 akaacha ualimu ili ashike siasa. Nyumba aliyoishi Magomeni kabla ya Uhuru, ambayo leo ni makumbusho, ipo mwendo mfupi tu kutoka kwenye bonde. Jangwani ndipo siasa za nchi hii zimekuwa zikipimwa kwa kichwa cha mtu, kwa sababu viwanja vile vinameza umati. Agosti 2015 CCM walizindua kampeni zao pale, na kabla ya mwezi kwisha Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, nao wakazindua za kwao palepale, kila upande ukihesabu watu wa mwenzake. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa Jangwani alipokuja Septemba 1990, na bado kuna akina mama wa Msimbazi Center wanaoweza kukuonyesha kwa kidole walipokuwa wamekaa. Na pembeni kabisa, kwenye kona ya Twiga na Jangwani, kuna jengo la Yanga, klabu iliyoanzishwa 1935, na Uwanja wao wa Kaunda ambao kwa miaka mingi umekuwa ukijaa maji kuliko wachezaji.

Nayataja haya kwa sababu tukisema "urithi" mjini hapa, akili zinakimbilia majengo ya Wajerumani kule Kivukoni na kanisa la Azania Front. Majengo yale ni mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini mji huu ulifanywa na watu waliotembea kwa miguu kutoka Ilala, Magomeni, Kigogo na Buguruni, na wote hao walilivuka bonde hili asubuhi na jioni. Kama kuna mahali Dar panastahili kuitwa bustani ya historia, ni hapa, matope na yote.

Kuhusu mpango wenyewe nitasema kwa kifupi, maana maelezo yake yamejaa kila mahali. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi. Gharama yote ni dola za Marekani milioni 260. Kati ya hizo, milioni 200 ni mkopo wa benki hiyo na zinazobaki zinatoka Hispania na Uholanzi. Kwa upande wa serikali, mradi upo chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kupitia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kazi ni nyingi: daraja refu Jangwani ili Barabara ya Morogoro isifungwe kila mvua ikinyesha, kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa katikati ya njia ya maji (mpaka leo sijakutana na mtu anayekiri kwamba wazo lile lilikuwa lake), kupanda miti na kuziba makorongo huko juu, na kuchimba upya mkondo wa chini.

Kinachonivutia kama mtu wa bondeni ni namna wanavyokusudia kutumia udongo. Tatizo la Msimbazi ni maji na mchanga kwa pamoja. Vilima vya juu vimevuliwa miti na kujengwa, mvua inachimba makorongo, mchanga unateremka, na ukifika Jangwani ambako ardhi ni tambarare unatulia. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hata mvua ileile iliyokuwa ikipita zamani leo inafurika, kwa sababu chungu kimejaa mchanga. Mpango unasema: chimba mkondo uwe mpana na wa kina, chukua kifusi hicho uinue kingo za pembeni ziwe matuta mapana ambayo majengo yatasimama juu yake, na katikati acha bustani. Bustani hiyo imekusudiwa kufurika. Mvua kubwa ikija, maji yanakaa kwenye nyasi badala ya kukaa sebuleni kwa mtu, kisha yanaondoka. Nimeisoma hesabu hiyo mara kadhaa na naiona ina akili. Mto unapewa chumba chake.

Na kwa haki, mpango huu haukutoka hewani. Mafuriko ya Aprili 2018 yalikuwa yamelitia jiji hasara ambayo Benki ya Dunia iliikadiria kuwa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka huohuo kukaendeshwa vikao mfululizo vilivyowakalisha meza moja wahandisi, maofisa wa manispaa, wenyeviti wa mitaa na wakazi wenyewe, wakiuchora mpango pamoja. Kabla ya hapo, kuanzia 2015, kulikuwa na Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walizunguka kata zinazofurika pamoja na wakazi, wakachora kila nyumba, kila mfereji na kila kichochoro kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap.

Kazi ile inastahili kuelezwa kidogo. Kwa miaka mingi Kigogo kwenye ramani za serikali ilikuwa doa tu. Vijana walikuja na simu na karatasi, na kilichowasaidia zaidi kikawa kuta. Kila nyumba ya bondeni ina alama ya maji: mstari wa rangi ya chai ukutani, na mara nyingi ipo zaidi ya mmoja, wa juu ukiwa wa mwaka mbaya zaidi. Unamuuliza mwenye nyumba, naye hajibu kwa sentimita. Anaweka mkono kwenye mwili wake. "Hapa" ni goti, "hapa" ni kiuno. Jirani yetu mmoja, mzee fundi wa vitanda, alimwambia kijana wa vipimo, "Mwanangu, mwaka elfu mbili na kumi na moja weka hapa," akajigusa chini ya kidevu. Kijana akanyoosha futi ukutani pembeni yake, akaandika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Kwenye ramani yakawa namba. Lakini namba ile ilipimwa kwenye mwili wa mtu aliyekuwepo, na hakuna setilaiti iliyokuwa na taarifa hiyo.

Huo ndio ubia ninaouelewa mimi. Mtu ana kitu usichokuwa nacho, unakwenda kukiomba, na kikishatumika unarudi kumwambia kimetumikaje. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Maana wakazi wa mabondeni wana kumbukumbu nyingine ya serikali, nayo si ya ramani. Ni ya herufi X. Desemba 2015 tingatinga ziliingia Hananasifu na Mkwajuni, na nyumba zilizokuwa zimewekwa X nyekundu zikashuka moja baada ya nyingine, sikukuu zikiwa mlangoni. Wengine walipata zuio la mahakama, wengine walipata muda wa kutoa kitanda tu. Kabla ya hapo, baada ya mafuriko ya 2011, familia kadhaa zilipelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao, mbali na Kariakoo, na baadhi zilirudi kimyakimya kwa sababu nauli ya kwenda kazini ilikuwa inakula mshahara wenyewe. Kwa hiyo mradi mpya ulipoanza kuhesabu nyumba za kubomolewa, mtu wa bondeni hakusikia neno "bustani". Alisikia bomoabomoa yenye maua.

Safari hii fidia ilikuwepo, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ubishi uliibuka palepale watu walipojulishwa kwamba nyumba italipwa ila ardhi yake haina thamani kisheria, kwa kuwa ni eneo hatarishi. Wazee walicheka kicheko kibaya. Ardhi haina thamani, mbona mnaitaka? Serikali baadaye ikakubali kuongeza kiasi fulani cha kifuta machozi juu ya thamani ya nyumba, na wengi wakachukua na kuondoka. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa bonde hili, alihama na kile alichoweza kubeba kwenye guta. Sisemi nyumba zile zilipaswa kubaki. Nimewahi kulala usiku wa masika nikisikiliza maji yakipanda ngazi, na simtakii mtu. Nasema tu kwamba bustani itakayokuja itasimama juu ya sakafu za watu, na anayeijenga bila kulisema hilo kwa sauti atashangaa kwa nini mabenchi yake yanang'olewa.

Wakulima wa mchicha nao wana kesi yao, na kesi yao ni ngumu zaidi. Ukipita bondeni alfajiri utawaona: matuta marefu yaliyonyooka, keni mbili za maji mkononi, mtu anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Mchicha unatoka kwa wiki tatu hivi. Mbolea ni ya kuku. Mnunuzi, kwa kawaida ni mama mwenye beseni, hanunui kwa kilo wala kwa fungu. Ananunua tuta zima. Anasimama pembeni, anaangalia rangi ya majani na urefu wake, wanabishana bei, halafu yeye mwenyewe ndiye anayeingia kung'oa, kuosha na kufunga. Saa moja na nusu mchicha upo Buguruni sokoni. Hakuna dalali na hakuna gari. Ni biashara safi kuliko nyingi ninazozijua mjini.

Isipokuwa maji. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga zinazolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakikuta metali nzito ndani ya majani, na tafiti zilizofuata zimerudia wasiwasi huohuo. Vinavyoingia mtoni vinajulikana: maji ya viwandani, maji ya machinjio, vyoo vinavyofunguliwa usiku wa mvua. Kila mara jibu la haraka limekuwa kumfukuza mkulima. Mimi naona huko ni kumshika aliye karibu. Mkulima hakuweka metali hizo mtoni. Tena ndiye pekee anayeuangalia mto kila siku ya Mungu. Anajua saa ambazo maji hubadilika rangi na bomba linalotoa povu. Ukitaka askari wa mto wa bei nafuu, mpe huyo eneo la bustani lenye maji ya kisima, mwache alime, mpe namba ya simu ya mtu wa NEMC, wasimamizi wa mazingira, anayepokea simu.

Nikiwaambia watu hivi, huwa wananijibu kwamba wananchi hawawezi kusimamia mambo makubwa. Ndipo huwapeleka Hananasifu, kwa maneno tu, kwa kuwa kilichofanyika pale hakina hata kibao. Miaka ya 1990, mtaa ule uliojengwa bila mpango kando ya bonde hili hili ulifanyiwa ukarabati ambao ulisifiwa nchi za mbali kuliko ulivyosifiwa hapa. Shirika la Kazi Duniani na wabia wengine walileta utaalamu na fedha, jiji likashiriki, lakini kazi ya mitaro na barabara za ndani ilifanywa na wakazi wenyewe kwa mikataba iliyosainiwa na chama chao cha maendeleo cha mtaa. Sipepesi macho nikilisema hili kwa sababu shangazi yangu alikuwa mmoja wa waliobeba mawe. Anasimulia kwamba wanaume walicheka siku ya kwanza, siku ya malipo wakaacha kucheka. Na ukimuuliza mtaro wa nani, hakutajii shirika. Anakutajia majina ya wanawake wa kundi lake, na kila mmoja alikuwa na kipande gani.

Mitaro ile ilidumu kuliko mingi iliyojengwa baadaye na makampuni makubwa. Haikudumu milele. Takataka ziliingia, nyumba ziliongezeka, viongozi wa chama walizeeka au walihama, na hakukuwa na fungu la kudumu la matengenezo. Pale ndipo ninapotaka wasomaji wakazie macho, kwa sababu bustani nyingi hufa hivyohivyo. Siku ya uzinduzi hakuna anayekosa. Mwaka wa nne, nani analipa mfagiaji?

Jirani zetu wa Nairobi wamelijibu swali hilo kwa namna yao, na nafuatilia kisa chao kwa karibu. Msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, una mito, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umegawiwa kwa waendelezaji binafsi. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti, na Januari 8, 1999 walishambuliwa na watu waliokodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Ardhi ile ikaokoka. Lakini kuokoka si kutumika. Kwa miaka kumi iliyofuata watu waliogopa kuingia kwa sababu ya vibaka. Kilichobadilisha mambo ni sheria ya misitu ya 2005, iliyoruhusu jumuiya za wananchi kusimamia misitu pamoja na serikali. Mwaka 2009 ikaanzishwa jumuiya ya Marafiki wa Karura. Wakaweka uzio, wakaajiri vijana wa vijiji vya pembeni kama Huruma kuwa walinzi na watunza vitalu, na kiingilio kikawa kinakwenda kwenye akaunti ambayo jumuiya na shirika la misitu la serikali waliisimamia pamoja.

Hiyo akaunti ndiyo roho ya kisa chote. Agosti 2025 shirika la misitu lilipoagiza malipo yote yaende kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen, jumuiya ilikwenda mahakamani. Hawakuwa wanapinga teknolojia, maana hata wao walikuwa wakipokea pesa kwa simu. Walijua kwamba shilingi ikishapanda Hazina, kurudi kwake kununua nyaya za uzio ni suala la maombi na barua. Wapo wanaosema Karura ni rahisi kwa kuwa majirani zake ni Muthaiga, Runda na Gigiri, watu wenye uwezo na wanasheria. Ni kweli. Kigogo hatuna mwanasheria kila nyumba ya tatu. Ila hoja hiyo kwangu inageuka: kama wenye uwezo walihitaji mkataba wa maandishi ili wasisukumwe pembeni, sisi tunauhitaji mara mbili.

Kwa hiyo ningependa nini? Sina orodha ya mtaalamu. Nina mambo ambayo nikiyakuta kwenye karatasi nitaamini.

La kwanza kabisa ni mpira. Viwanja vya Jangwani kwa sasa vina utaratibu ambao haujaandikwa popote na unafanya kazi: timu za mtaa zinajuana, kuna mzee anayepanga ratiba, kuna saa za watoto na saa za maveterani, ugomvi unamalizwa palepale kwa maji ya soda. Bustani ikija na fomu ya kuomba uwanja siku kumi na nne kabla, kwa ada, kwa barua ya utambulisho, utaratibu ule utakufa na hakuna atakayejua ulikuwepo. Mweke yule mzee kwenye kamati. Hata mkimpa kofia tu ya mradi, mpeni na sauti.

Kiingilio nakipinga kabisa, na hapa natofautiana na rafiki zangu wanaoipenda Karura. Eneo lililokuwa njia ya kupita haliwezi kuwekewa geti la kulipia. Wanafunzi wanavuka bonde kwenda shule na wafanyakazi wanavuka kwenda Kariakoo. Mapato yatafutwe kwenye maegesho ya magari, vibanda vya chakula, harusi na matamasha. Vibanda hivyo wapewe kwanza waliobomolewa na mama ntilie waliokuwa wakiuza bondeni, kwa majina, kabla ya zabuni kutangazwa gazetini ambako hawatalisoma. Sehemu ya pato iandikwe kuwa ya usafi na taa, na hesabu zibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa zinazopakana na bonde, kila robo mwaka, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa.

Kuna mfano wa nyumbani unaonipa moyo. Wakazi wa Magomeni Kota walibomolewa, wakasubiri muda mrefu hadi wengi wetu tukaanza kuwafanyia utani. Mwaka 2022 familia 644 zikakabidhiwa maghorofa mapya palepale walipotoka. Kilichowasaidia, pamoja na mengine, ni kwamba idadi yao ilikuwa inajulikana na orodha yao ilitunzwa. Hakuna aliyeweza kusema "wananchi wamefaidika" kwa ujumla jumla. Ilikuwa kaya 644, hii hapa na hii hapa. Waliotoka Msimbazi nao wana orodha, iliyofanywa kwa ajili ya fidia. Isifungiwe kabatini malipo yakiisha. Matuta yatakapoinuliwa na nyumba kuanza kujengwa juu yake, orodha hiyo itolewe tena, na wapangaji waongezwe.

Kuhusu historia yenyewe, nina hofu ya sanamu. Tunapenda sanamu. Naona kabisa ikiletwa ya shaba, mtu amenyoosha mkono, kibao cha marumaru chenye majina ya waliozindua. Ningeomba badala yake zibaki kuta chache za nyumba zilizobomolewa, zile zenye mistari ya maji, zisafishwe na kuimarishwa, na kila mstari uandikwe mwaka wake. Wakati wa masika maji yatapanda tena kwenye bustani, kama ilivyokusudiwa, na mtu atakuwa na kipimo cha kulinganisha. Njia ya miguu kutoka Pugu hadi Salenda ingewekewa vituo: alipofundisha Mwalimu, machinjio, mitaro ya Hananasifu pamoja na majina ya waliochimba, Jangwani ya mikutano na misa. Maelezo yaandikwe na watu wa mitaa husika, yasahihishwe na wanahistoria wa chuo kikuu. Mara nyingi huwa tunafanya kinyume chake.

Yanga nao wana ndoto ya kujenga uwanja wao Jangwani, na mashabiki wenzangu watanisamehe nikisema uwanja huo lazima ukae mezani na mto kabla haujakaa mezani na wadhamini. Ukuta mmoja usiopishwa vizuri na maji huwa unasukuma mafuriko kwa jirani. Kigogo tunalijua hilo bila kufundishwa, tuliliona kwa karakana ya mwendokasi.

Shangazi yangu nilimweleza habari zote hizi Jumapili moja, mkopo, matuta, bustani inayofurika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama watalipa vibarua kwa siku au kwa kipande. Nikamwambia sijui, labda kampuni italeta watu wake na mashine. "Waambie wa kipande wanafanya vizuri zaidi," akasema, "na wasisahau mkondo wa nyuma ya msikiti, ule hauonekani wakati wa kiangazi." Nimeutafuta kwenye ramani ya wazi. Upo, mstari mwembamba wa buluu usio na jina, umepita hasa pale alipopasema.